Taa ya Kijani ya Bi Waya

Sogeeni karibu, wazazi wenzangu, na nyinyi mlio na wazazi. Hii ni habari ya nyumba isiyojua ulevi, ugomvi wala njaa, na bado iliponea chupuchupu.

Asubuhi za nyumba hiyo zilikuwa tulivu. Chumba cha mbele kilitazama barabara, na humo, dukani mwake, Bi Waya alitengeneza redio. Jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu hakuweza kupita penye waya uliotupwa asiuokote. Ng'ambo ya ua aliishi baba yake, mwashi mstaafu aliyeijenga nyumba yote kwa mikono yake. Kazi ilipolegea, Bi Waya alivuka ua na chai mkononi, wakataniana kidogo, kisha akarudi kwenye redio zake.

Halafu mzee akaanza kushikwa na kizunguzungu. Kaka yake Bi Waya, aliyefanya kazi mji wa mbali, akapiga simu.

"Mdogo wangu, mwekee baba kamera."

Mzee aliposikia aliruka. "Kamera! Nivae suruali mbele ya jicho la mashine? Katu!"

Bi Waya akakuna kichwa. Mwisho akanunua sensa ya rada, yaani kitambuzi cha mwendo, kibao kidogo kama kidole gumba. Hutoa mawimbi ya ukoo mmoja na yale ya jiko la maikrowevu, ila ni dhaifu mno, hayapashi hata tone la maji. Yakigonga kitu kinachosogea hurudi yamebadilika, nayo sensa hutambua. Haioni sura wala nguo, na hata ukiificha ndani ya kasha la plastiki hufanya kazi. Akaiunganisha na kijikompyuta kidogo kama kiberiti, akakiandikia programu mwenyewe: baba akisogea, taa ya kijani iwake dukani, chumba kikitulia kupita kiasi, kengele ilie.

Walijaribu pamoja, mmoja chumbani, mmoja dukani, wakipigiana kelele.

"Nimepunga mkono!"

"Imewaka, baba!"

"Na sasa nimekutolea ulimi!"

"Hapo haina habari!"

Walicheka mpaka machozi. Mzee alimwambia kila aliyepita, "Mnaona kile? Ni cha binti yangu." Bi Waya naye akatembea kifua mbele, na alistahili, maana kazi ilikuwa safi.

Lakini sikilizeni balaa ilipoingilia. Bi Waya alipokuwa na taa, akaona kuvuka ua ni kupoteza muda. Chai akaipeleka haraka haraka, siku nyingine asiipeleke. Kaka naye simu zake zikafupika.

"Taa inawaka?"

"Inawaka."

"Basi hajambo."

Safari za kuja nyumbani akazikata, na badala yake akatuma feni, ile inayogeuza shingo huku na huku. Mzee akamwambia binti yake, "Mwanangu, siku hizi unaniangalia kama maziwa yaliyo motoni. Unangoja nifurike." Bi Waya akacheka, akarudi kazini.

Alasiri moja alikuwa akimwonyesha mteja kifaa chake. Tangu asubuhi hakuwa amevuka ua. Taa ilikuwa ikiwaka, wasiwasi wa nini? Mteja akaitazama, akatabasamu.

"Mzee leo anacheza ngoma? Inawaka, inazima, inawaka, inazima, kwa mpigo mmoja."

Bi Waya akaitazama taa, na kicheko kikamkauka mdomoni. Mtu hasogei hivyo. Mtu hujikuna, hukohoa, hutulia, hujigeuza. Kinachorudi kwa mpigo mmoja ni mashine.

"Feni," akasema, na kabla mteja hajauliza feni gani, alikuwa ameshafika katikati ya ua.

Alimkuta baba yake sakafuni kati ya kitanda na ukuta, mguu umepinda, midomo imekauka. Juu yake feni iligeuza shingo huku na huku.

"Nimeita," mzee akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Halafu nikanyamaza. Nikasema, kifaa cha mwanangu kinanijua, atakuja."

Maneno hayo yalimchoma Bi Waya kuliko tusi. Alimpa maji kwa kijiko, akilia, na mteja akakimbilia gari la kuwapeleka hospitali. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika. Daktari alisema wangechelewa zaidi, yangekuwa mengine.

Kaka alifika na hasira zake. "Kifaa chako kimetudanganya!"

"Hakikudanganya," Bi Waya akajibu. "Tulikiuliza kama kuna kinachosogea, kikajibu kweli. Baba anaendeleaje, hilo hatukukiuliza, wala hatukumuuliza mwenyewe."

Kaka akaketi kando ya kitanda, akamnyoa baba ndevu.

Mzee alipona, akatembea kwa gongo. Bi Waya akaihamisha sensa feni isiifikie, akafundisha programu kushuku mpigo wa mashine, akaning'iniza kitufe cha kengele kitandani. Kisha akabeba meza yake ya kazi, akaiweka barazani mbele ya mlango wa baba. Kaka akawa anakuja tena, na anakaa.

Sifa zilienea. Watu wakaja kutaka kifaa kama kile, na Bi Waya huwauliza kwanza, "Nani atakuwa anaingia kumwona mzee kila siku?" Asiyekuwa na jibu hurudi mikono mitupu. Mzee, gongo mkononi, husikiliza na kuitikia kwa kichwa, amefurahi.

"Nyumba niliijenga mimi," huwaambia wageni. "Huyu ndiye aliyeitia masikio. Na akili ya kuvuka ua amejitia mwenyewe."

Funzo

Ndugu zangu, elimu na ufundi ni fahari. Wafunzeni watoto wenu, wa kike na wa kiume. Lakini mashine ni msaidizi wa mlezi, haijawa mlezi. Aliye na mzazi nyumbani amfungulie mlango, amtazame usoni, amuulize hali, na angoje jibu.