Hati Inayokufa Saa Sita Mchana

Dalali alikuwa anakimbia.

Hakukimbia vizuri. Viatu vilikuwa vipya, mkoba wa ngozi ulimgonga goti kila hatua, na tai ilikuwa imerukia begani. Alipita kati ya meza za wauza vitabu, akakata kona, akaingia jengo la ofisi na kubonyeza kitufe cha lifti mara sita.

Lifti ilifunguka.

Mwanamke aliyekuwa ndani alisogea kumpa nafasi.

"Ghorofa ya ngapi, kaka?"

Dalali alijibana ukutani. Alikuwa yuleyule. Dakika mbili zilizopita alikuwa nyuma yake mtaani. Sasa alikuwa mbele, na wala hahemi.

Kazini walimwita Sindano. Miaka arobaini na minne, koti la kijivu, saa ya Casio ya plastiki, Beretta ndogo kiunoni. Sura yake ukiiona benki asubuhi, mchana huikumbuki.

Alibonyeza kitufe chekundu. Lifti ikakwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu.

"Dada, nina watoto."

"Wawili. Hakuna atakayewagusa. Umeuza nini?"

"Sijauza kitu. Kuna kitu nimeacha tu kukifanya."

"Kipi?"

Dalali alifuta jasho kwa ile tai. "Mimi ni dalali wa bima. Kuna ofisi ya wahandisi, ya Mama Mhandisi. Wana bima mbili. Moja ni ya dhima ya jumla. Mgeni akiteleza ofisini kwao akavunjika mguu, hiyo inalipa. Ya pili ni ya dhima ya kitaalamu. Mchoro wao ukiwa na kosa, jengo likapata ufa, hiyo ndiyo inalipa. Zote zinakwisha leo saa sita mchana. Nilitakiwa kuzihuisha zote."

"Ukahuisha moja."

"Ile ya kuteleza." Machozi yalianza kumtoka. "Kuna mtu mmoja wa sweta ya kahawia alinitisha. Mama wa watu nikamwambia zote ziko sawa."

Sindano alimpa leso. Alimpa kama mtu anayemwazima mwenzake kalamu. Kisha akainamia kifungo cha koti, ambacho kilikuwa kipaza sauti.

"Shangazi."

"Sema."

Shangazi alikuwa mwanamume wa miaka sitini mwenye masharubu na sauti ya kinu. Nani alimpa jina hilo, hakuna aliyekumbuka. Alisikiliza habari yote bila kukatiza.

"Sasa naelewa," akasema. "Leo saa nane wakili wa wenzake huyo wa sweta anapeleka dai. Mnara wa tangi la maji la hospitali una ufa. Mchoro ulichezewa."

"Kuna watu pale?"

"Hakuna. Tangi halijajazwa, na geti tumelifunga. Shida siyo tangi. Shida ni makabati ya Mama Mhandisi. Yeye ndiye aliyechora maghala ya silaha, mitambo ya umeme, kituo cha redio. Ofisi ikishindwa kulipa dai, inafilisika na vitu vyake vinapigwa mnada. Mnunuzi kutoka ng'ambo keshajipanga. Ataondoka na michoro yote kama anayebeba fenicha."

"Tuzuie mnada."

"Kwa kosa gani? Kununua kabati?"

"Bima ikilipa?"

"Ofisi inabaki. Makabati hayatoki."

Dalali alinyoosha kidole kama mwanafunzi. "Kuna njia. Bima ya kitaalamu haiangalii kosa lilifanyika lini. Inaangalia taarifa ilifika lini. Wakiandika sasa kwamba kuna jambo linaloweza kuleta dai, wakagongewa muhuri kabla ya saa sita, hati ya zamani italibeba hilo dai hata likija mwakani."

"Na baada ya saa sita?"

"Ni karatasi ya kufungia karanga."

"Wakikata bima mpya leo?"

"Haitagusa jambo walilokwisha kulijua. Na simu haifai. Hati yao ni ya kizamani, inataka barua yenye sahihi ya mwenye ofisi, ipokelewe kaunta."

Casio ilisoma saa tano kasoro dakika kumi.

Sindano alibonyeza kitufe. Chini, vijana wawili wa idara ya usalama walikuwa wanamsubiri dalali. Mmoja alimshika mkono asijikwae alipotoka.

"Sindano," Shangazi alisema sikioni. "Sweta keshajua kwamba dalali amekamatwa. Anakwenda kwa wahandisi."

"Nitamwahi."

"Ulilala jana?"

"Nililala."

"Ungechukua likizo. Wiki tatu tu tangu umzike mdogo wako."

"Niko kazini, Shangazi."

Akatoka nje, akawasha pikipiki yake ya Yamaha.

*

Ofisi ya wahandisi ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la miwani. Mpokezi, binti mwenye shanga shingoni, alimtazama Sindano usoni, kisha bila kuulizwa akasogeza kiti karibu na feni.

Sindano hakukaa. Kiti alikiona. Zamani angeshukuru.

Mama Mhandisi alikuwa na miaka sabini. Alivaa miwani puani na nyingine kichwani. Alisikiliza mpaka mwisho, penseli mkononi.

"Niandike kwamba mchoro wangu una kosa? Mwanangu, miaka thelathini na nane sijaangusha hata ukuta wa choo."

"Siyo kukiri, mama. Ni kutaarifu tu."

"Sisaini nisichokipigia hesabu mwenyewe."

"Saa sita bima inakufa."

"Basi tupige haraka."

Faili la tangi likashushwa kabatini. Kurasa arobaini na moja. Alianza ya kwanza. Hakuruka hata moja. Kidole kilishuka, midomo ilicheza, penseli ikaweka alama ndogo pembeni.

Saa tano na dakika kumi.

"Mama," mpokezi alinong'ona, "ungeanzia katikati."

"Na wewe ungeanzia kupika kwenye kuosha vyombo?"

Ukurasa wa kumi na nne, kidole kilisimama.

"Huu siyo wangu."

Sindano alichomoa kurunzi ya ukubwa wa kalamu, akamulika kwa mwanga wa zambarau. Kurasa nyingine zilibaki na rangi ya uzee. Ule mmoja ukang'aa kama shati jipya. Karatasi ya siku hizi.

"Ulijuaje bila kurunzi?" akauliza.

"Wino. Mimi hesabu napiga kwa penseli. Mtu anayepiga hesabu kwa wino ni mtu asiyetarajia kukosea." Alivua miwani. "Niliweka nondo za milimita ishirini. Hapa wameandika kumi na mbili. Na mjenzi akafuata, maskini. Angefanyaje?"

Mpokezi alimgusa bega, akaketi kwenye kompyuta.

"Nitajie maneno, mama. Nachapa."

Barua ilikuwa fupi. Ilitoka kwenye printa saa tano na dakika ishirini na mbili. Mama Mhandisi alitoa kalamu ya kusaini.

Kishindo.

Kisha yowe.

"Mguu wangu! Jamani, mguu!"

Kalamu ilianguka. Mama Mhandisi alikuwa amekwisha kufika mlangoni.

Katikati ya ngazi alilala mwanamume mnene, sweta ya kahawia, soli juu. Ofisi nzima ilimwagika kumtazama, watu kumi na wawili. Mmoja akaleta maji, mwingine barafu. Mama Mhandisi akavua fulana ya sufu aliyoivaa juu ya gauni, akaikunja, akaiweka chini ya kichwa cha yule mtu.

"Pole, baba. Pole sana. Leteni fomu ya bima! Jazeni sasa hivi, mgeni ameumia kwetu!"

"Usiniache, mama," Sweta aligumia, akamkamata mkono. "Andika habari yangu kwanza. Yote. Polepole."

Saa tano na dakika ishirini na saba.

Sindano alichuchumaa. Aliona ile fulana iliyokunjwa vizuri, mshono chini, isimkwaruze. Aliona pia ngazi kavu, na soli ya mpira ambayo bado ilikuwa na bei ya dukani.

"Mguu upi, kaka?"

"Huu wa kulia. Umevunjika!"

Akaubinya wa kushoto.

"Aaii!"

"Huo ni mzima."



"Huyu baba," mpokezi alisema, "kaanguka kama gunia, kapiga yowe kama bibi harusi, na kumbe hata mguu hajachagua."

Mtu mmoja alicheka. Mama Mhandisi hakucheka. Bado mkono wake ulikuwa umeshikwa.

"Lakini kama ameumia kweli? Siwezi kumwacha mtu chini."

"Mama, nisikilize," Sindano alisema, sauti ileile, bila kupanda. "Akiwa ameumia kweli, huyu ni wa bima ile nyingine. Ile ya jumla imehuishwa. Ina mwaka mzima, itamsubiri. Barua yako ina dakika thelathini. Wametumia huruma yako kukupotezea muda."

Mama Mhandisi alimtazama yule mtu machoni. Kisha akavifungua vidole vyake kimoja kimoja, kwa upole, kama anayemtoa mtoto nywele mkononi.

"Nitarudi nikuone, baba," akasema.

Akapanda. Akasoma barua tena yote. Akasaini.

*

Yamaha ilinguruma. Nyuma, Toyota nyeupe ikachomoka, Sweta akiwa kwenye usukani, miguu yote miwili mizima.

Barabara kuu. Taa nyekundu. Sindano alipita.

Toyota nayo ikapita.

Alikata kushoto kwenye uchochoro wa mafundi viatu. Fundi mmoja alimwona, akavuta kiti chake na mguu wa mteja akauondoa njiani. Pikipiki ikapenya. Toyota ilikwama, ikarudi nyuma, ikazunguka.

Kampuni ya bima ilikuwa na maegesho chini ya ardhi. Sindano aliegesha, akavua helmeti, akaelekea kwenye mlango wa ngazi.

"Simama."

Sweta alisimama kando ya nguzo, anahema. Bastola yenye kiwambo cha kuzuia sauti ilimwelekea kifuani.

"Barua."

Sindano aliishika helmeti kwa mikono miwili.

"Nakuuliza, mwanamke, huogopi?"

Alilichukulia kuwa ni swali la kweli. Alijikagua ndani, kama mtu anayepapasa mifuko kutafuta funguo. Hapakuwa na kitu. Hofu haikuwepo, na hasira haikuwepo. Palikuwa na chumba kilichofagiliwa.

"Sijui," akasema.

Akarusha helmeti.

Risasi ilitoka kwa sauti ya mtu anayetema mbegu. Ikamchana koti na ngozi ya mkono. Helmeti ilimpiga Sweta usoni. Kabla hajafumbua macho, kifundo cha mkono wake kilikuwa kimepindwa na bastola iko sakafuni. Hatua moja, goti moja, pingu.

Alimfunga kwenye bomba la maji ya zimamoto.

"Shangazi. Mzigo uko maegesho."

"Barua?"

"Napanda."

Saa sita kasoro dakika nane.

Kaunta ya madai ilikuwa na foleni ya watu tisa na karani mmoja. Sindano alisimama nyuma. Angeweza kutoa kitambulisho, lakini muhuri uliogongwa kwa amri wakili angeupinga mahakamani. Ilibidi uwe muhuri wa kawaida, kwenye foleni ya kawaida.

Kasoro dakika sita. Foleni ilisogea mtu mmoja.

Mbele yake alikuwa mzee mwenye magongo mawili. Aligeuka. Aliona mkono wa koti ukidondosha damu kwenye vigae.

"Binti, pita mbele yangu."

"Nashukuru, mzee. Mbele yako wako wengine saba."

Mzee aligonga gongo sakafuni. "Jamani! Huyu mwenzetu anavuja damu. Tumpishe."

Wakampisha. Mmoja baada ya mwingine, bila kuuliza, kila mmoja akirudi nyuma hatua moja. Mwanamke wa mwisho alimsukuma kidogo mgongoni kumharakisha. Sindano aliuhisi ule mkono kama unavyohisi kitu kupitia blanketi.

"Dhima ya jumla au ya kitaalamu?" karani aliuliza.

"Ya kitaalamu."

Karani alitazama namba ya hati. "Hii inakwisha leo."

"Saa sita."

Akageuka kutazama saa ya ukutani. Kasoro dakika tatu. Alikuwa na kila sababu ya kumwambia arudi baada ya chakula. Badala yake alivuta muhuri, akazungusha tarehe, akagonga, akaandika saa kwa mkono, akatia sahihi. Akagonga nakala.

"Tayari, dada. Imeingia."

Kisha akafungua droo, akamwekea plasta juu ya nakala.

*

Saa nane kamili wakili alifika kwa Mama Mhandisi. Suti nyeusi, bahasha ndefu, tabasamu la mtu anayekuja msibani kwa jirani asiyempenda.

"Ni dai la wateja wangu kuhusu mnara wa tangi. Samahani sana, mama."

"Asante, mwanangu. Nisaini wapi?"

Alisaini. Kisha akamsogezea karatasi yake.

"Na wewe upate nakala. Ni taarifa yetu kwa kampuni ya bima. Ukurasa uliobadilishwa nao umeelezwa humo."

Wakili alisoma. Alifika kwenye muhuri. Akasoma tena.

"Hii ilipelekwa lini?"

"Saa imeandikwa hapo, kwa mkono."

Tabasamu liliondoka polepole. Alipogeuka, vijana wawili wa idara walikuwa mlangoni, wamemshikia mlango wazi kwa adabu.

Baada ya hapo ofisi ilipiga kelele. Watu walikumbatiana. Mpokezi alilia hadharani, akajicheka, akalia tena. Hakuna kabati lililosogezwa hata inchi moja.

Sindano alisimama dirishani. Aliwatazama kama anayetazama mtaa wa watu wengine.

Mama Mhandisi alimjia, akamshika mikono yote miwili.

"Umepauka, mwanangu. Mikono baridi hivi. Kaa kidogo. Nyumbani una mtu?"

"Nina kazi, mama."

"Hata nusu saa?"

"Nina kazi."

Alishuka ngazi. Kifungo kilinong'ona: "Umemaliza vizuri, Sindano. Nisikuone mpaka Jumatatu."

Ilikuwa Jumanne.

Mtaani jua lilikuwa kali. Sindano alitia mikono mfukoni, akaiacha pikipiki pale ilipo, akatembea taratibu na kunyooka, kama mtu anayejua anakokwenda.