Koti la Mabaka la San Ubaldo

Jumatatu, Machi 1997, saa mbili na robo asubuhi, Ndugu Onelio Garriga, mkurugenzi wa makumbusho ya San Ubaldo, alikuta kabati la kioo limevunjwa na koti la mabaka halimo. Ilipofika saa nne polisi walikuwa wameshalikuta chini ya kitanda cha Leovigildo, mlinzi, na Luteni Pedroso alikuwa ameshajipongeza mara mbili. Luteni huyu alikuwa mtu wa aina ile ambayo ikipoteza kofia hukamata kichwa.

Koti hilo alivuliwa mvamizi mmoja wa wale waliotumwa na Marekani, aliyetekwa ufukweni mwezi wa Aprili mwaka sitini na moja. Aliyemvua ni Leovigildo mwenyewe, wakati huo mkata miwa na mwanamgambo, na tangu makumbusho yafunguliwe hajakubali mtu mwingine alilinde. Sasa anaitwa mwizi wake. Jumatano saa tisa gari lingempeleka gereza la mkoa, na kwa kifua chake kile cha kukohoa damu, hakuna aliyetegemea kumwona akirudi.

Jumanne saa tatu asubuhi aliitwa kituoni Bibi Eduviges Bacallao, fundi cherehani, miaka sabini na moja. Hakuitwa kupeleleza. Polisi walipolivuta koti chini ya kitanda waling'oa kifungo.

"Shona kifungo, Bibi, uende zako," alisema Luteni. "Mkurugenzi anataka lirudi kabatini leo."

Eduviges aligeuza koti ndani nje. Akachomoa kipande cha uzi kwapani, akawasha kiberiti. Uzi ulijikunja, ukayeyuka, ukabaki kitone cheusi kigumu.

"Unachoma ushahidi!"

"Nachoma plastiki, Luteni. Pamba huwa majivu, ikanuka karatasi. Mwaka ule makoti ya mateka yalipita mikononi mwangu kutiwa viraka, na sikuona hata moja la uzi huu. Yalikuja kutoka Marekani, kitambaa cha wawindaji wa bata, madoa ya kahawia na kijani kama ngozi ya chura. Haya madoa yameigwa vizuri, sikatai. Ila tazama yalivyopauka: mabegani sawa na ndani ya mfuko. Jua linaingia mfukoni? Maji ndiyo huingia. Koti hili halikuzeeka, limezeeshwa kwenye beseni."

Luteni alifikiri. Ilikuwa kazi nzito, ilionekana mpaka shingoni.

"Basi umelishona wewe! Nani mwingine ana cherehani hapa?"

"Mwanangu, ningekuwa na uzi mpya kama huu, ningeanza na suruali yako hiyo, huko nyuma."

Mkono wa Luteni ulikwenda nyuma wenyewe.

"Mlinzi alisema nini mlipomwonyesha?" aliuliza Eduviges.

"Alisema silo. Kila mwizi husema silo."

Saa nne kasoro dakika kumi aliingia Ndugu Onelio, shati lake jeupe limesimama kama bati. Alimtazama Eduviges kama mtu anayetazama tope kwenye kiatu.

"Ndugu Mkurugenzi," alisema Eduviges kwa unyenyekevu, "mimi niliishia darasa la sita, nisamehe. Koti lenu huwa mnalifua?"

"Kulifua!" Onelio alicheka. "Bibi, chumvi ya ufukweni bado imo ndani yake. Halijaguswa na maji tangu sitini na moja. Nimeandika makala kurasa kumi na mbili juu ya jambo hilo."

"Wala kulitia wanga?"

"Luteni, mtoe huyu. Hapa si sokoni."

"Natoka. Nipeni tu iodini kwenye sanduku lenu la dawa, kidole kinaniuma."

Akapewa. Kidole hakukipaka. Alidondosha tone moja kwenye kola ya koti, na hapo hapo kola ikawa na doa la buluu nzito, karibu na weusi.

"Huo ni wanga," alisema. "Wa muhogo, nausikia kwa ncha za vidole. Tangu njaa ituingie mji huu tunakula muhogo na maganda yake karibu tuyale. Anayechuja wanga bado ni mmoja, Hermelinda. Na wateja wake je? Nani mwingine hapa anavaa bati?"

Onelio aligusa shati lake. Akasema ana kikao. Kwa mara ya kwanza wiki ile Luteni alifanya jambo la maana: alisimama mlangoni.

Saa tano kasoro kumi Hermelinda, dobi, aliletwa, mikono bado ina povu.

"Koti hili unalijua?" Luteni aliuliza.

"Nisilijue! Limenivunja mgongo. Mara kumi na nne nimelifua na kulianika. Ndugu Onelio alisema ni la mchezo wa kuigiza wa watoto, wanataka lionekane kuukuu."

"Alikuagiza utie wanga?"

"Alinikataza! Lakini nguo itoke kwangu imelegea kama ulimi wa ng'ombe, watu waseme nini? Nilitia kidogo tu, kolani. Kwani yeye atajua? Anajua kuvaa tu."

Onelio alikaa chini bila kualikwa, akaanza kusema. Mkusanyaji mmoja Mwitaliano alimletea koti la kuiga, jipya linang'aa. Akipewa lile la kweli, angempa barua ya mwaliko, ambayo bila hiyo mtu haruhusiwi kuondoka nchini. Kioo alivunja mwenyewe. Chini ya kitanda aliweka lile la kuiga, ili polisi walirudishe kabatini kwa heshima na pasiwe na mtu wa kulitafuta la kweli.

"Na mlinzi?" aliuliza Eduviges.

"Mzee yule? Angekufa hata hivyo."

Hermelinda alimtemea mate kwenye kiatu, na Luteni akatazama dari.

Koti la kweli lilipatikana saa sita na dakika kumi, limeshonewa ndani ya mto wa mama mkwe wake Onelio. Mama huyo alikuwa akilalamika tangu jana yake kwamba vifungo vinamla sikio, akaambiwa ni uzee.

Leovigildo alitolewa mahabusu. Walipomkabidhi koti alilinusa kwanza.

"Tambara la mvamizi!" Onelio alifoka, pingu mkononi. "Mnaniharibia maisha kwa tambara!"

Leovigildo alikohoa mpaka akamaliza.

"Alikuwa na miaka kumi na tisa," alisema. "Ameloa, anatetemeka, meno yanagongana. Nikamvua hili, nikamvika shati langu kavu. Akalia. Akasema koti ni la kaka yake, asilipoteze. Nikamwambia nitamtunzia."

"Miaka thelathini na sita!" alisema Luteni. "Hatakuja huyo, mzee."

"Akija, atalikuta."

Akachukua funguo za makumbusho mezani pa Luteni bila kuomba, akaenda kufagia vioo vilivyovunjwa.