Hadithi Niliyorusha kwa Simu ya Baba

Nilichukua simu ya baba akiwa amelala na viatu, nikaandika kipande cha hadithi yake, nikakirusha kwa wasomaji wake. Ndiyo, ni mimi. Nina miaka kumi na sita, nasoma kidato cha tatu, kwetu ni Kinampanda, na tangu Ijumaa ile nyumbani kwetu hakukaliki.

Wengi wenu mnamjua baba. Mnasoma hadithi zake mtandaoni, mnamwita Mkuu, mnamwaga machozi kwenye maoni. Mimi nafua suruali zake. Huyo anayewafundisha mapenzi akitoka kilabuni humwamkia mbuzi shikamoo, halafu akiingia ndani anamwita mama yangu mbwa. Mnataka kupiga naye picha? Njooni Jumapili asubuhi, na ndoo ya maji mje nayo.

Msichojua ni hiki. Yule Mama Kiroboto wa kwenye hadithi, mke mlafi, mchawi, miguu kama mchi, mnayemcheka kila wiki... ni mama yangu. Baba hakubadilisha hata kovu la shavuni. Mama anauza vitunguu gulioni, na wateja humwuliza, "Mama Kiroboto, leo umemroga nani?" Anacheka nao, anawapimia. Mtu atacheka hivyo mpaka lini?

Ijumaa ile baba alilewa tangu asubuhi, hadithi haikutoka, wasomaji wakaanza kulalamika. Nikasema, tulieni, leo mnapata ya kweli. Nikaeleza kovu la Mama Kiroboto lilivyopatikana: mume, mwandishi maarufu, alimpiga mkewe na mwiko wa moto kwa sababu alimwomba asimwandike tena. Nikaeleza mke alivyokimbilia banda la kuku, akajikojolea kwa hofu. Hapo nikatia na utani kuhusu jogoo, maana mimi bila utani siwezi.

Nilitegemea wamtukane baba. Wapi... Walimsifu. "Mkuu, leo umeua." "Huyo jogoo kanivunja mbavu." Baba alipoamka akasoma yote, akaniangalia, akasema, "Kijana, una mkono."

Hajawahi kunisifu maishani. Na mimi, mjinga, nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata kama angenipiga.

Kesho yake gulioni mteja alimwuliza mama kama siku hizi kuku wanamwachia nafasi ya kulala. Mama hakucheka. Alirudisha vitunguu kwenye gunia kabla jua halijawa kali, akaja nyumbani, akafunga nguo zake aende kwao Ihanja. Baba alikuwa anasoma maoni. Hakuinua hata kichwa.

Ndugu wasomaji, kama una hasira na baba yako, mpelekee yeye mwenyewe hasira yako. Usimvue nguo mama yako mbele za watu ukaita kumtetea. Siri ya kipigo ni ya aliyepigwa. Mimi nilijiona mkombozi, kumbe nilikuwa nachekesha watu tu, kama yule ninayemchukia.

Nilimkimbilia mama hadi barabarani, nikamwambia nilikuwa namtetea. Akaweka mzigo chini, akanipangusa vumbi begani, akasema:

"Baba yako ameniandika miaka yote hajaniuliza. Nikajiambia basi, si nina mtoto. Na wewe hukuniuliza."