Mdomo Mdogo wa Plagi

Kila asubuhi Nkwabi alikaanga plagi za gari. Alizipanga kwenye jiko la mkaa, kando ya sufuria ya uji, akizigeuza kwa koleo kwa heshima kubwa.

"Baba Mhoja, leo zimeiva?" aliuliza mkewe, Tereza.

"Bado kidogo. Zikipata moto, gari linawaka upesi."

Nkwabi alikuwa dereva wa gari la kijiji, ng'ambo ya kivuko cha Busisi ukitokea Mwanza. Lilikuwa gari la turbo, lililoachwa na mtaalamu wa visima aliporudi kwao Ulaya. Vijiji jirani vililionea wivu. Ila siku hizi fahari hiyo ilikuwa inakohoa. Kwenye tambarare ilikwenda vizuri. Mlimani ilishtukashtuka kama mbuzi anayevutwa mnadani.

Jambo hilo lilimnyima Nkwabi raha. Tereza alikuwa na mimba kubwa, na mtoto wao wa kwanza, Mhoja, alizaliwa kwa kupasuliwa. Daktari alisema huyu naye azaliwe hospitali, Mwanza. Na kabla ya kufika kivukoni kulikuwa na mlima.

Siku moja alikuja jirani yao Leonsia, Mhaya, mwalimu wa ufundi wa magari. Aliziona plagi, akavuta kigoda.

"Shemeji, hizi tunakula na nini?"

"Nyie watu wa ndizi mnajua nini kuhusu moto?"

Leonsia alicheka. "Umezitoa wapi?"

"Kwenye kopo la vipuri la kijiji. Ni za gari la zamani la ushirika. Zimeingia vizuri, na mdomo, ule mwanya cheche inaporuka, nikaupanua mwenyewe. Zile za mtaalamu zilikuwa na mdomo mdogo. Cheche ya ubahili."

"Kuingia siyo kufaa. Hata gauni langu litakuingia, shemeji. Utalivaa mkutanoni?"

Tereza alicheka mpaka akashika tumbo.

"Turbo inasukuma hewa nyingi ndani ya silinda," Leonsia alieleza. "Cheche inaruka katikati ya hewa iliyobanwa. Ni kama wewe kuruka mfereji katikati ya watu, soko la samaki Kirumba. Mfereji ukiwa mpana, huvuki. Kwa hiyo mdomo uwe mdogo."

"Na joto?"

"Turbo ina joto kali. Inataka plagi ambayo mafundi wanaiita ya baridi, inayotoa joto haraka. Hizi zako zinalishika. Petroli itawaka kabla ya wakati, pistoni itatoboka, na gari litakuwa banda la kuku. Na ukizikaanga, huu udongo mweupe unapasuka."

"Nitaijuaje?"

"Kwa namba. Imebandikwa chini ya boneti. Usikisie."

Walimwaga kopo. Plagi za mtaalamu zilikuwamo, namba zikalingana. Leonsia alizipiga brashi, akapima midomo kwa kibati chembamba, akazifunga kwa mkono kwanza, kisha spana kidogo tu. Nkwabi aliitazama mikono ile kama mtu aliye kanisani.

Uchungu ulimshika Tereza alfajiri ya Jumapili. Mlimani Nkwabi alikanyaga mafuta, roho mkononi. Turbo ikapiga mluzi. Gari likapanda bila kushtuka hata kidogo, wakawahi kivuko. Mchana, mtoto wa kike alilia hospitalini, na Tereza alikuwa salama.

"Jina?" aliuliza muuguzi.

"Leonsia," Nkwabi alijibu, kabla mkewe hajafungua mdomo.

Waliporudi, mwendesha mashine ya kusaga ya petroli alikuja kuazima plagi ya gari aifunge kwenye mashine yake.

"Ndugu, sisi si wajamaa?" alisema.

"Ni wajamaa," Nkwabi alijibu, akipakua uji. "Lete kwanza namba."