Mkono Wangu Ulikutwa kwa Handbrake

"Wewe usimwagie mchanga mtoto wangu. Wewe ndiye ulimuua."

Mama mkwe wangu alinishika mkono hapo kaburini, mchanga wote ukaanguka kwa viatu vyangu...

Wenzangu, nilimzika bwanangu Muteti nikiwa nyuma ya watu, kama mgeni.

Naitwa Mutindi, wa Kitengela. Muteti alikuwa amenunua ile gari kubwa, ya four-wheel, aliyoitamani tangu tuoane. Lakini hakuwa na subira nayo. Akisimama mahali anaacha engine ikinguruma, gia kwa N, yaani iko huru, anavuta handbrake, anashuka. Nilikuwa namwambia aweke P, ile ya kuegesha, na azime kabisa.

Anacheka. Ati ni dakika moja tu.

Jumapili moja tulienda kuona ploti yetu upande wa Kajiado. Mwaitu, mamake, alikaa mbele. Mimi nyuma na mtoto.

Gate iko chini ya mteremko. Muteti alishuka kufungua, kama kawaida yake. Mtoto alikuwa amefungua mshipi wake wa kiti, nikainama kumfunga.

Nikasikia gari inasonga...

Kuinua macho, naona mgongo wa Muteti, anahangaika na kufuli. Nikajirusha katikati ya viti, nikavuta handbrake na nguvu zangu zote.

Nilichelewa. Gari ilikuwa imembana kwa gate.

Soipan, jirani wa hapo, alifika wa kwanza. Alinikuta bado nimeishikilia, nalia. Alisema tu alichoona.

Watu ndio waliongeza. Ati niliishusha makusudi. Ati niko na mwanaume mwingine.

Mwaitu aliapa hakugusa kitu cha kuendesha gari. Fundi naye akasema gari haina shida. Nikaanza kujishuku mimi mwenyewe. Labda ni goti langu? Labda ni mtoto alipiga teke?

Miezi ikapita, hakuna mtu wa kwao alinipigia simu.

Halafu Kiema, ndugu ya Muteti, akanipigia. Miguu ya Mwaitu ilikuwa imevimba, anapelekwa hospitali, na hakukuwa na mwanamke wa kumsaidia. Nikaenda.

Kwa gari Mwaitu alikaa mbele kando ya Kiema, hakunisalimia. Kabla hatujatoka akalalamika miguu imebanwa. Akanyoosha mkono katikati ya viti, akabonyeza kitufe cha handbrake, akaishusha.

Kiema akakanyaga breki, akamshika mkono polepole. "Mwaitu, hiyo ndiyo inashikilia gari isitembee."

"Si ndiyo ya kusukuma kiti nyuma?"

Kiema akaivuta tena juu.

Nilimwona akielewa. Uso wake ulizeeka hapo hapo. Akanigeukia.

"Mutindi... siku ile pia miguu iliniuma."

Nilikuwa nimeomba Mungu nisikie maneno kama hayo. Nilidhani yatanipa furaha. Nilishuka, nikamfungulia mlango, nikamshika akilia mpaka nguo yangu ikalowa.

Alisimama kanisani mwenyewe akasema yote. Sasa ananiita mwanangu, lakini haniangalii machoni.

Ndugu yangu mwenye gari, hata kama ni gate tu unafungua: weka P, vuta handbrake, zima engine, shuka na ufunguo. Na anayekaa kando yako, kama hajui gari, mwonyeshe ya kiti ni gani na gani haiguswi.

Ndani ya gari ile hakuna mtu alimtakia mwingine mabaya.

Na bado tulizika.