Mursik ya Mkate wa Baba

Kila Ijumaa asubuhi, Chelsea hupanguza meza huku mama yake, Jebet, akikagua kibuyu cha mursik jikoni. Mursik ni maziwa ya Wakalenjin, yanayogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, ndiyo maana rangi yake ni ya kijivu. Kibuyu hicho Mama alikibeba kutoka Bomet hadi nyumbani kwao Al Rayyan, karibu na Doha, akiwa amekifunga kwa leso kama mtoto mchanga.

Ijumaa hii ilikuwa ya sherehe. Baba yake, Declan, ni Mwairishi, na kila Machi huadhimisha Siku ya Mtakatifu Patrick nyumbani kwa kuoka mkate wa magadi na kumfundisha Chelsea nyimbo za kwao. Mwaka huu Chelsea alikuwa amemwalika Virginia, mwenzake wa darasani.

Tatizo lilikuwa kibuyu. Mara ya mwisho alipokuja, Virginia alichungulia ndani yake akacheka, "Kwani nyinyi mnakunywa saruji?" Maneno hayo yalikuwa bado yanamchoma Chelsea. Mama alipokwenda kuoga, Chelsea alikiinua kibuyu, akaimwaga mursik yote kwenye sinki, akafungulia maji.

Virginia alifika akiwa amefunga utepe wa kijani kichwani. Baba alichanganya unga, chumvi na magadi, huku akiimba.

"Sasa lete maziwa, Jebet. Bila maziwa yaliyochacha mkate huu hauumuki. Mama yangu alitumia ya ng'ombe wake. Mimi nimebahatika kuoa Mkalenjin!"

Miaka yote Chelsea alikuwa akiula mkate huo bila kuuliza umekandwa kwa maziwa gani.

Mama akakitikisa kibuyu. Kilikuwa kitupu.

"Labda uliimaliza wewe, Mama," Chelsea akasema haraka. "Jana nilikuona ukinywa."

Mama akatazama sinki. Chembe za mkaa zilikuwa zimebaki kando ya tundu la maji. Alimwangalia binti yake, kisha akamgeukia mumewe. "Huenda niliimaliza. Samahani, Declan."

Baba akakamulia ndimu kwenye maziwa ya dukani, na mkate ukaokwa. Virginia akausifu, akaongezwa kipande. Chelsea akakirudisha chake kwenye sahani. Mama yake alikuwa ameomba radhi mbele ya mgeni kwa kosa lisilo lake.

"Ni mimi niliyeimwaga," akasema, macho yakiwa kwenye sahani. "Niliona haya. Halafu nikamsingizia Mama."

Virginia akashtuka. "Kwa sababu ya ile saruji? Jamani, nilikuwa natania! Hata sikuwahi kuionja."

"Na utani wako haukuwa mzuri," Baba akamwambia kwa upole.

Mama akamwinua Chelsea kidevu. "Maziwa nitayagandisha mengine. Kilichoniuma ni kunitwika kosa lako. Ukikosea, sema mapema, kwa sababu uongo hutafuta mtu wa kuumiza. Na usifiche kwenu ili ufurahishe mtu. Leo tunasherehekea kwao baba yako, lakini hata mkate wake ulikuwa unakihitaji kibuyu cha mama yako."

Akampa kibuyu na kipande cha mkaa. "Leo utakisugua mwenyewe."

Chelsea akapiga magoti jikoni, vidole vikawa vya kijivu. Virginia alimtazama kidogo, akavua utepe wake, akakunja mikono ya shati.

"Nionyeshe tunaanzia wapi," akasema.