Mguu wa Mwalimu

Saa nzima na robo alikuwa amesimama kwenye foleni isiyo yake. Ofisi ya leseni ilijaa watu hadi kwenye ngazi, feni moja inazunguka kwa kusuasua, na yeye amevaa gauni la kijani lililonyooka kama limetoka dukani sasa hivi. Si ajabu, maana kazi yake ilikuwa kupiga pasi.

"Dada," sauti ikasema nyuma yake, "umepoteza leseni?"

"Sina leseni. Ndiyo kwanza naitafuta."

"Basi hii ni foleni ya waliopoteza. Yako ile kule, dirisha la tatu."

Akageuka akiwa tayari kumpa mtu vipande vyake. Akakutana na kijana mrefu mwenye shati la bluu la chuo cha udereva, fomu za wanafunzi kwapani.

"Na muda wote huo ulikuwa unanitazama tu?"

"Kusema kweli, ndiyo. Nilikuwa nafurahia kutazama."

Mimi ningemtukana. Yeye akacheka, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Kwa sababu huyu dada hakuja kutafuta leseni kwa starehe. Kampuni aliyofanyia kazi, ya kufulia mashuka ya hoteli, ilikuwa imeagiza mashine ya kunyoosha nguo, na wapiga pasi wote sita walishaambiwa wajiandae kwenda nyumbani. Nafasi moja tu ilibaki: dereva wa gari la kusambaza mashuka alikuwa anastaafu. Bosi alimwita kando akamwambia, "Wewe ni mwaminifu, kiti nitakupa. Lakini mwisho wa mwezi wa sita nione leseni mezani. Bila hiyo, utaondoka na wenzako." Nyumbani mama yake na wadogo zake wawili walikuwa wanakula kwa ile pasi.

Akajiandikisha kwa yule kijana wa shati la bluu.

Gari la chuo lina klachi na breki za ziada upande wa mwalimu, zimeungana na zile za mwanafunzi, ili mwanafunzi akitaka kuua watu, mwalimu azuie. Wiki ya kwanza gari lilimzimikia kwenye mlima wa nyuma ya soko mara nane. Watu wakapiga honi, mwenye mkokoteni akamwambia arudi jikoni, na yeye akalaza kichwa kwenye usukani akalia. Wiki ya pili, ajabu, gari likapanda mlima bila hata kutikisika.

"Unaona?" mwalimu akasema. "Unajua."

Alijua. Alirudi nyumbani akimwimbia mama yake. Na simu zikaanza, kila mchana saa ya mapumziko.

"Bi Pasi, umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nasubiri nisikie sauti yako kwanza, njaa ipungue."

"Kwa mtindo huo utakonda, mwalimu. Nenda kale."

Mtihani wa kwanza wa barabarani, mtahini alikuwa mama mnene mwenye kalamu nyekundu. Mlimani gari likazimika, likarudi nyuma, likazimika tena. Akaanguka. Mtihani wa pili, mlima uleule, mama yuleyule, mambo yaleyale. Safari hii alishuka akatapika kando ya barabara, na mwalimu akamshikia mkoba.

"Ni woga tu, mpenzi," akamwambia. "Nikiwa pembeni yako mbona unapanda vizuri?"

"Kwa hiyo nitasambaza mashuka nawe pembeni maisha yangu yote? Nimebakiza mara moja. Nikianguka, nasubiri miezi sita ndipo nianze upya. Miezi sita, mwalimu! Nitawalisha nini nyumbani?"

Mwalimu akainama kutazama viatu vyake.

Siku tano kabla ya mtihani wa tatu walikuwa mlimani tena. Gari la mbele likasimama ghafla, naye akakanyaga breki kwa nguvu, akasahau klachi kabisa. Kwa hesabu za mtu yeyote gari lilipaswa kufa palepale. Halikufa. Injini iliendelea kunguruma taratibu. Akatazama chini. Mguu wake wa kushoto ulikuwa sakafuni, mbali, na klachi yake imezama chini yenyewe.

Akatazama upande wa pili. Mguu wa mwalimu ulikuwa juu ya klachi ya mwalimu.

"Tangu lini?" akauliza.

"Nini?"

"Usinifanye mjinga. Tangu lini unanikanyagia?"

"Wiki ya pili. Ulilia siku ile, nikashindwa kukuona hivyo. Nikasema nikusaidie kidogo, upate moyo, halafu niache."

"Mbona hukuacha?"

Angeweza kudanganya. Ninampa haki yake hapo, hakudanganya. "Ulipoanguka mara ya kwanza, nilifurahi. Niliogopa ukifaulu utaondoka. Unaanza kazi, una gari, unanihitaji kwa lipi tena?"

Dada akavuta breki ya mkono, akafungua mlango katikati ya barabara, magari yakipiga honi pande zote.

"Mimi nilidhani najua," akasema. "Nilimwambia mama yangu najua."

Akaenda kwa miguu, mlima wote, bila kugeuka.

Siku ya kwanza simu iliita mara kumi na nne, hakupokea. Siku ya pili mara tisa. Kazini mafundi walikuja kupima ukuta wa kuwekea mashine, na wenzake wakaanza kugawana vikombe vya chai na mataulo yao. Akasimama mbele ya meza yake ya pasi, mvuke unampanda usoni, akapiga hesabu ya watu anaowajua wenye gari. Hakuna. Vyuo vingine havichukui mwanafunzi wa siku tatu. Alijikaza mpaka saa saba mchana, kisha akashika simu.

"Mpenzi," sauti ikasema kabla simu haijaita mara mbili, "nisamehe, nilikuwa—"

"Sikupigii kwa mapenzi. Nakupigia kwa klachi. Kesho saa kumi na moja jioni."

Kesho yake hakumwamkia. Alimnyooshea mkono tu. "Viatu."

Mwalimu akavua. Dada akavichukua, akavifungia kwenye buti la gari. "Sasa kunja miguu juu ya kiti. Yote miwili."

Basi ungemwona mtu mzima na mustachi wake, amekunja miguu kama mtoto anayengojea uji, wanapanda mlima wa nyuma ya soko. Gari likazimika. Likazimika tena. Mara ya sita lori likawa nyuma yao, honi yake inatetemesha vioo, na gari linarudi kinyumenyume kuelekea kwenye bampa la lori.

"Mwalimu, kanyaga."

"Sikanyagi."

"Nakuomba. Tutagongwa."

"Breki unayo. Kanyaga wewe."

Akakanyaga. Gari likasimama shubiri chache kutoka kwenye lori. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, na mwalimu alikuwa amejishika magoti kwa mikono yote miwili, vidole vimempauka, naye pia analia, na hakushusha mguu.

"Sikiliza injini," akasema. "Usinisikilize mimi. Achia klachi polepole mpaka sauti yake izame. Umeisikia?"

"Sijasikia."

"Tena."

Mara ya kumi na moja aliisikia. Sauti ilizama, gari likatetemeka kidogo chini yake, akashusha breki ya mkono, nalo likapanda mpaka juu. Walirudia siku hiyo na kesho yake, mpaka mafuta yakaisha.

Siku ya mtihani, mama mnene alifunga mkanda akasema, "Wewe tena?"

"Mimi tena, mama."

Mlimani gari lilizimika mara moja. Akavuta breki ya mkono, akawasha, akasikiliza. Hapakuwa na mguu wa mtu yeyote ila wake. Sauti ikazama, gari likapanda, na mama mnene akaandika kitu kirefu sana kwa ile kalamu nyekundu.

Mwalimu alikuwa getini na shati halijapigwa pasi, ndevu za siku tatu. Hakuthubutu kuuliza.

"Nimefaulu," akamwambia. "Jumatatu naanza kazi."

Mwalimu akafunika uso kwa viganja. Alipoviondoa, alikuwa anajaribu kutabasamu na midomo haimtii. "Hongera, Bi Pasi. Basi ndiyo hivyo. Sasa huna shida na mimi tena."

"Sina," akasema. "Sina shida na wewe hata kidogo. Kwa hiyo nikikwambia nakupenda, ujue sina ninachokuomba."

Mwalimu akafuta macho kwa mkono wa shati.

"Na bado nimekukasirikia," akaongeza, akaanza kutembea kuelekea kituoni. "Unakuja, au nikuache hapo?"